Gari Hili Linalala Wapi?

Nakumbuka alfajiri moja ya mwezi wa saba, mwanangu, nimekaa ndani ya pikapu isiyonguruma, tunateremka kutoka kijiji cha Mhezi, juu milimani, kwenye ukungu mzito. Nilisikia kokoto zikisagika chini ya matairi. Nilisikia maji yakipita kwenye mifereji ya mashamba, jogoo wa mbali, na pumzi ya mama mmoja aliyekaa katikati yetu, amejitanda khanga mbili na shuka juu yake. Injini ilikuwa kimya. Mpaka leo nikisinzia mchana barazani, gari lile hunijia likiteremka hivyo hivyo, taratibu, wala halifiki mwisho wa mlima. Aliyelinyamazisha ni mimi.

Limenijia tena kwa sababu ya picha uliyonitumia juzi kwenye simu. Ulikuwa umefungua boneti ya gari kuukuu la yule mama anayeuza tangawizi sokoni, ukaandika chini yake: "Shikamoo mzee. Hii injini ya zamani ina nozeli ya kuwashia kwenye baridi, na inavuja. Niitoe tu? Same kuna baridi gani!" Nikakujibu marahaba, usiiguse, nitakuandikia. Najua ulisonya. Mimi nilipokuwa na umri wako nilisonya zaidi, na gereji hiyo niliyokuachia ilikuwa ikiitwa kwa jina langu, kwa hiyo nilisonya nikiwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni. Basi kaa kwenye lile benchi la mbao, weka spana chini, unisikilize.

Nilizaliwa Same mjini, kando ya barabara kuu, nyuma ya duka la vitambaa la marehemu baba yangu. Kila asubuhi nilipotoka kunawa uso niliiona milima ya Upare imekaa pale pale, buluu, na wingu limeikalia kichwani. Kwangu ilikuwa picha ya ukutani. Miaka ishirini na minne sikuwahi kulala huko hata usiku mmoja. Watu wa milimani ndio walioteremka kuja kwetu, siku za soko, na makoti yao mazito ambayo sisi watoto wa mjini tulikuwa tunayacheka. Tuliwaona wanatoka jasho kwenye jua la Same wakiwa na sweta, tukasema hawa watu vipi. Hatukujiuliza sweta lile lilivaliwa saa ngapi na wapi.

Ufundi niliupata mapema, na sitajishusha kwa unyenyekevu wa uongo: nilikuwa na mkono. Injini ikikohoa mtaa wa pili nilijua ni silinda ipi. Wakati huo magari ya petroli yenye nozeli yalikuwa yameanza kuzeeka, na mengi yalikuwa na ugonjwa mmoja. Unaujua, ndio huo uliouona. Injini ina silinda nne, na kila silinda ina nozeli yake ya kurushia petroli. Lakini kiwandani walikuwa wameongeza ya tano, peke yake, kwenye bomba kubwa la kuingizia hewa. Kazi yake ni ndogo mno. Injini ikiamka na baridi, ile ya tano inarusha petroli ya ziada kwa sekunde chache tu, kisha inanyamaza mpaka kesho. Kando yake kuna swichi ndogo inayopima joto la maji, ndiyo inayoiambia nyamaza.

Ikizeeka, hainyamazi. Inadondosha. Gari linakula mafuta, linatoa moshi mweusi, plagi zinalowa, na ukizima gari mchana kweupe haliwaki tena mpaka lipumzike. Na mchana wa Same unaujua, boneti inaweza kukaanga yai. Nozeli ya kuwashia kwenye baridi inatafuta nini hapa? Nilianza kuitoa kwenye teksi moja, ikatulia. Nikaitoa ya pili. Nilikuwa naifungua, naziba tundu kwa kibati na gasketi niliyoikata mwenyewe, nabana bomba lake la petroli, nafunga nyaya kwa utepe, kazi safi kabisa. Madereva wakanisifu. Wakasema Hamza anaponya gari kwa kulipunguza. Kichwa kikavimba, mwanangu. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga chini ya meza, ndimo nilimotupia zile nozeli, na lilipokuwa linajaa nilikuwa nalitikisa ili wateja walisikie.

Siku moja akaja Mwalimu Eliamini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mhezi, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata saa saba mchana. Pikapu yake ilikuwa inavuta moshi mweusi mpaka kuku wa mtaani wanakimbia. Nilifungua boneti, nikaona nozeli ya tano imelowa, nikacheka. Alikuwa ameketi kivulini anakunywa chai. Sikumuuliza chochote. Ilinichukua muda wa chai ile tu. Nikamwita, nikamwambia awashe mwenyewe, na gari likaitika mara moja, sauti laini, moshi hakuna.

"Umefanya nini, fundi?" akaniuliza.

"Nimekuondolea mzigo usiouhitaji, Mwalimu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru sana, akaenda zake. Nami nikaitupa nozeli yake koponi, ikalia kling.

Baada ya wiki tatu nikapata barua, imeletwa na kondakta wa basi la mlimani. Hati ya kiualimu, kila herufi imesimama wima. Aliandika kwamba gari halitaki kuamka asubuhi, linawaka jua likishapanda. Kwa kawaida angevumilia, lakini Jumatatu ijayo madaktari wa macho wanakuja hospitalini Same, siku moja tu, na mke wake lazima awe ameandikishwa kabla ya saa nne. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Njoo Jumapili ulale kwangu," aliandika, "alfajiri tuondoke pamoja. Ukiwapo, roho yangu itatulia."

Hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea kweli. Kuitoa ile nozeli bila kuuliza lilikuwa kosa, lakini kosa la fundi kijana linasameheka. Barua ile ilinieleza ugonjwa wote. Haliwaki asubuhi, linawaka jua likipanda. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Mimi niliisoma nikatikisa kichwa, nikasema Mwalimu hajui kuwasha gari. Nikachukua spana mbili na plagi mpya nne, nikapanda basi. Kopo lilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wangu. Sikuinama.

Basi lilipanda jioni. Nikaona mkonge unabaki chini, kisha miti ya tambarare, kisha migomba, kisha miti ambayo sikuijua jina, na hewa ikaanza kuingia dirishani kama mtu aliyefungua friji. Mimi na shati langu la mikono mifupi. Abiria mmoja mzee aliniangalia, akaangalia shati, akageukia dirishani kwa adabu.

Nyumbani kwa Mwalimu kulikuwa na moto jikoni na chungu cha makande. Mkewe, Mama Nakundwa, alinipokea mlangoni kwa kusikiliza nyayo. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea mkono pembeni kidogo ya nilipokuwa. Nikasogea mwenyewe nikaupokea.

"Karibu, baba. Mwalimu ananiambia wewe ndiye unayejua gari kuliko waliolitengeneza."

Nilicheka kwa aibu kidogo, lakini nilifurahi, siwezi kuficha. Tukala. Akanisimulia kwamba anaona mwanga na kivuli tu, uso wa mtu haupati tena. Binti yao, Nakundwa, angeolewa mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo. "Sitaki kingine," alisema, akigeuza kuni kwa kuzipapasa. "Nataka nimuone kwenye shela lake. Siku ile moja. Baadaye hata yakifunga tena, basi." Mwalimu alimwongezea tu makande kwenye sahani.

Nilipewa mablanketi mawili na bado nilijikunja kama mtoto. Sikuwahi kujua kwamba baridi inaweza kukaa ndani ya mto wa kulalia. Nikawa naota nusu macho, naona taa za Same huko chini, mahali fulani ambapo watu wamelala wamejifunika shuka moja, nikawaona kama watu wa nchi nyingine.

Kulipopambazuka nilitoka. Mwanangu, sikuona chochote. Ukungu ulikuwa umeumeza ua wote, nikalifikia gari kwa kupapasa, na boneti ilikuwa imelowa umande, baridi mpaka vidole vikauma. Hapo mwili ulijua kabla kichwa hakijakubali. Nikaingia, nikageuza ufunguo. Starta ikazungusha, injini ikazunguka, ikazunguka, kavu, haikushika hata mara moja. Nikabadili plagi kwa vidole visivyohisi. Nikazungusha tena. Mara ya tano nilishajua kabisa. Nilijua kilichokosekana kiko kwenye kopo Same, mwendo wa saa tatu. Starta ikaanza kuvuta maneno, betri ikachoka, kimya.

Mwalimu alikuwa amesimama na taa ya mkono. Mama alikuwa tayari ndani ya gari, ameshika mkoba wenye kadi ya hospitali.

"Ni nini, fundi?"

"Petroli ina maji, Mwalimu," nikasema.

Nimeishi na kusema mengi, mazuri na ya hovyo, na neno hilo bado linanichoma. Mwalimu alitikisa kichwa tu, na nadhani alijua.

Basi pekee la asubuhi lilikuwa limeshapita. Ndipo tukasikia pembe. Siku ile ilikuwa ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya Wapare. Kijiji kizima kilikuwa kinaitwa kwenda kuzibua ndiva, bwawa lile ambalo usiku linakusanya maji na asubuhi linafunguliwa yaende mashambani. Wanaume wakaanza kutokea kwenye ukungu, mmoja mmoja, na majembe begani. Hakuna aliyeambiwa aje. Waliona gari la Mwalimu limefunguliwa boneti na mkewe yumo ndani, wakalaza majembe kwenye nyasi.

"Fundi umetuongezea kazi leo," mmoja akasema, wenzake wakacheka, kisha wakaegemeza mabega.

Ua wa Mwalimu ulikuwa chini ya barabara. Walilisukuma gari kupanda, hatua kwa hatua, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, mpaka likakaa barabarani limeelekea bondeni. Kisha wakaliachia. Nikageuka nikawaona wamesimama, wanaume kumi na zaidi, mikono bado imenyooka, halafu ukungu ukawafunika.

Hivyo ndivyo tulivyoteremka. Mwalimu alikuwa usukani, mimi mlangoni, mama katikati. Kila palipokuwa na mteremko mzuri aliingiza gia akaachia klachi, gari likashtuka, likakohoa, likakataa. Kila liliposhtuka, mama alinishika goti. Baadaye Mwalimu akaacha kujaribu, akaliacha liende. Na ajabu ni kwamba palikuwa pazuri. Ninaona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Gari lilielea tu. Mama Nakundwa alianza kutaja nyumba tunazopita, bila kuziona, kwa harufu na sauti. "Hapa wanachemsha maziwa, ni kwa dada yangu. Hapa pana mbwa mvivu, hatabweka. Sasa tumefika kanisani, hewa imefunguka." Na kila alichotaja kilitokea kwenye ukungu dakika ile ile, nyumba, mbwa, kanisa, kisha kikapotea. Nilihisi kwamba mwenye macho humo ndani ni yeye, na kipofu ni mimi.

Tukafika kwenye daraja dogo ambapo barabara inapanda kidogo kabla ya kuteremka tena. Gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya daraja. Mbele mlima, nyuma mlima, na sisi watatu hatuwezi kulisukuma. Ikabidi tungoje jua.

Tulikaa pale kwa muda mrefu. Maji yalipita chini yetu. Saa ya Mwalimu niliisikia ikigonga mkononi mwake. Mwishowe akaongea, sauti ile ile ya kuuliza darasani, haina ukali hata kidogo.

"Hamza, siku ile uliponitengenezea gari, uliniuliza linalala wapi?"

Nikainamia spana zangu.

"Hukuniuliza," akaendelea. "Ulilitazama saa saba mchana, juani, ukadhani maisha yake yote ni saa saba mchana. Mimi pia hukuniuliza hii kofia naivalia nini."

Ndipo nikasema. Nikamwambia kuhusu nozeli ya tano, kibati, kopo, na kwamba petroli haina maji. Nililia, mwanangu. Nilikuwa na ndevu na gereji na jina, nikalia kwenye pikapu ya watu juu ya daraja. Mama Nakundwa alitafuta mkono wangu mpaka akaupata, akaushika, lakini hakuniambia haidhuru. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Ilidhuru, naye alijua.

Jua lilipenya karibu saa mbili na nusu. Ukungu ukaanza kunyanyuka kutoka bondeni, msitu wa Shengena ukajitokeza juu kabisa, mweusi na kimya, na boneti ikaanza kutoa mvuke. Nikaweka viganja juu yake kusikia inavyopata joto. Baadaye lori la mbao lilikuja, vijana wake wakatusukuma kwa kicheko, na injini ikashika kana kwamba haijawahi kuwa na tatizo lolote duniani. Tukateremka kwa kasi, migomba, miti ya tambarare, mkonge, lami. Tulifika hospitalini saa tano na robo.

Muuguzi alikuwa mtu mwema. Alikwenda ndani kutuombea, akarudi taratibu. "Mama, orodha imefungwa. Walioandikishwa wenyewe hawatawamaliza leo. Samahani sana."

Mama Nakundwa alisimama pale na mkoba wake. Akauliza watarudi lini. Wakasema labda mwakani. Akamwambia muuguzi haya, ahsante, kisha akamgeukia mumewe: "Twende nyumbani, Mwalimu. Makande ya jana bado yapo."

Kabla hawajapanda niliwapitisha gereji. Nikainama chini ya meza, nikamwaga kopo lote sakafuni nikaitafuta nozeli yao. Niliisafisha, nikaichunguza, na unajua kilichokuwa kimeharibika? Kiduara cha mpira. Kijimpira chembamba kama pete ya mtoto, kimekauka kwa uzee, ndicho kilichokuwa kinavujisha. Nikaweka kipya. Nikafungua kibati changu cha kujivunia, nikairudisha nozeli mahali pake, nikaunganisha nyaya. Dakika chache tu. Kumbe sikuhitaji kuondoa kitu chochote siku ile ya kwanza.

Madaktari hawakuja mwaka uliofuata. Harusi ya Nakundwa ilikuwa imefungwa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, kama ilivyopangwa, na Mwalimu aliniomba mimi niendeshe pikapu ya bibi harusi. Nilitaka kukataa, nikaona kukataa ni kujihurumia. Nililiwasha alfajiri kwenye ukungu, likaitika mara moja. Bibi harusi alipotoka, watu wakapisha njia. Mama yake akasogezwa mbele yake, akanyoosha mikono, akaupapasa uso wa bintiye kuanzia kwenye paji, nyusi, mashavu, akafuata shela lote mpaka chini kwenye pindo, polepole, kama anayesoma barua ndefu. Akasema, "Umependeza." Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa nimeshika usukani na sikuweza kuangalia, na sikuweza kutoangalia.

Mwaka wa pili madaktari walikuja. Jicho moja lilifunguka, la pili lilikuwa limeshachelewa. Siku waliyomtoa bendeji aliomba aletewe "yule fundi". Nikaenda nimevaa shati safi, moyo unadunda. Aliniangalia kwa jicho lake moja kwa muda mrefu, akaanza kucheka.

"Kumbe ndiye huyu! Mwalimu, mbona hukuniambia ni mtoto mdogo hivi?" Kisha akaacha kucheka. "Baba, una uso wa mtu anayejilaumu kila siku. Sikukusamehe pale darajani, nilikuwa na hasira sana. Nimekusamehe baadaye, siku nyingi. Sasa na wewe acha."

Nimejaribu. Baadhi ya siku naweza.

Miaka ikaenda. Mama Nakundwa akatangulia mbele ya haki, na jicho lake moja lilikuwa limewaona wajukuu watatu. Mwalimu akawa amestaafu, magoti hayataki tena mlima, bintiye akamteremsha akaishi naye hapa Same. Mchana mmoja wa jua kali nikasikia pikapu ile mlangoni. Aliteremka pole pole. Kichwa kilikuwa wazi, nywele nyeupe. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona bila kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hamza. Ile nozeli yako imeanza kuvuja tena. Itoe."

Nilichukua spana, nikafungua boneti. Halafu nikasimama. Nikaweka spana chini, nikajifuta mikono, nikamgeukia.

"Mwalimu," nikamuuliza, "gari hili linalala wapi siku hizi?"

Alinitazama. Midomo ilimtetemeka kidogo, nikadhani nimemuumiza, kumbe anatabasamu. Alikuwa amelingoja swali hilo miaka yote hiyo, mwanangu. Akageuka akaitazama milima, ile buluu, wingu kichwani, kisha akanijibu.

"Linalala hapa Same, kwa Nakundwa. Halipandi tena."

Basi nikaitoa. Nikakata gasketi, nikaziba tundu, nikabana bomba, nikafunga nyaya, kazi ile ile ya ujanani, lakini mikono ilikuwa mizito kama ninashusha mtu kaburini. Gari likatulia, moshi ukaisha. Mara hii ilikuwa haki. Nikampa ile nozeli, akaigeuzageuza kiganjani, akanirudishia. "Kaa nayo," akasema. Ninayo. Ndiyo ile iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe ndani ya kabati la spana, ambayo uliwahi kuniuliza mara mbili nikakufokea. Nisamehe kwa kukufokea. Sasa unajua.

Kwa hiyo jibu lako, mwanangu, ni hili. Sikukatazi kuitoa. Mzigo usiohitajika utolewe, na gari la zamani hupumua vizuri likipunguziwa. Ninachokukataza ni kuutoa kwa kuangalia saa yako wewe na jua lako wewe. Yule mama anauza tangawizi Same, ndiyo, lakini tangawizi haioti Same. Mfuate kesho sokoni, mwamkie, umuulize gari linalala wapi, na nani hulipanda alfajiri, na kwa nini. Akikuambia linalala chini, itoe bila woga, ukaifunge kitambaani umpe. Akikuambia linapanda, tafuta kiduara cha mpira. Na ikitokea mtu uliyemtengenezea akakuita, usiende na plagi mpya tu. Inama chini ya meza kwanza, uchukue ulichomtoa. Na ukikosea, usiseme petroli ina maji. Utaumia hivyo hivyo, na uongo utakuongezea maumivu mengine. Hata watu, mwanangu, wana kitu kama hicho cha ziada ambacho mchana huwezi kuona kazi yake. Mke utakayemwoa, jirani, mzee wa kofia ya sufu. Usiwacheke kabla hujalala kwao.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa kuuliza. Akufungulie riziki kwenye gereji hiyo, akuepushe na sifa za mchana, akupe wazee wa kukukemea bila kukudhalilisha kama alivyonipa mimi. Na kila utakachokitengeneza, popote kitakapolala, kwenye joto letu huku au kule juu kwenye ukungu, kiitike asubuhi kwa anayekihitaji. Amina.